Mwali hufundwa, anayekoma hedhi anafundwa na nani?

KATIKA kikao kimoja cha kikundi cha kuweka na kukopa huko Dimani, wilayani Kibiti, nilishuhudia jambo ambalo limenifanya nishike kalamu wiki hii. Mwanachama mmoja, mama wa makamo anayelima ufuta na kuuza nazi, aliitwa mbele aeleze kwa nini kwa wiki tatu mfululizo hakununua hisa. Mweka hazina alitaja faini yake. Mwenzake mmoja akadakia kwamba huyu siku hizi amekuwa mtegeaji: shambani anafika jua limekwishapanda, na kabla ya adhuhuri yuko chini ya mkorosho anajipepea kwa kanga.

Yule mama hakubisha. Alifungua fundo la kanga yake, akalipa faini, akarudi kukaa.

Baada ya kikao nilimfuata, nikamwamkia, tukazungumza. Aliniambia ana malaria isiyotaka kupona. Usiku anaamka shuka limelowa jasho. Mchana joto linampanda ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, moyo unamwenda mbio, kisha baada ya dakika chache anasikia baridi. Tangu palizi ianze alikuwa amenunua dawa ya mseto mara nne kwenye duka la dawa, bila kupima damu hata mara moja. Nilipomuuliza umri, akasema ana miaka 49. Nilipomuuliza kuhusu siku zake, akainamisha uso na kucheka kidogo. "Hizo sasa zinakuja zinapotaka zenyewe," akasema.

Ndugu msomaji, kurasa hizi kwa kawaida huzungumzia bei ya ufuta, mnada wa korosho na mikopo. Pengine unajiuliza mambo ya hedhi yanatafuta nini hapa. Jibu langu ni kwamba kilimo chetu kinabebwa na mikono ya wanawake, na wengi wa wanawake hao wako katika umri ambao mwili unabadilika bila wao kuambiwa chochote. Mkulima akipata hasara kwa sababu ya panya au mvua, tunaizungumza. Akipata hasara kwa sababu hii, tunamwita mvivu na kumtoza faini.

Nianze na maelezo ya msingi. Kukoma hedhi si ugonjwa, ni hatua ya maisha kama ilivyo kuvunja ungo. Wanawake wengi hufikia hatua hii kati ya miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi pale anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na bila sababu nyingine kama vile ujauzito au dawa. Lakini mambo hayaanzi siku hiyo. Miaka kadhaa kabla yake, mayai yanapopungua, homoni za kike hupanda na kushuka bila mpangilio. Hapo ndipo siku hubadilika, zikaja karibukaribu au zikapotea kwa miezi, na ndipo huanza joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, maumivu ya viungo, hasira za haraka, huzuni, usahaulifu na ukavu ukeni. Wapo wanaopita bila usumbufu mkubwa. Wapo wanaosumbuka kwa miaka saba au zaidi.

Sasa chukua hali hiyo uipeleke shambani. Wakulima wa Kibiti wanajua kwamba ufuta hausubiri mtu. Usipopalilia mapema, magugu yanaushinda ungali mchanga. Ukichelewa kuukata, maganda yanapasuka na mbegu zinamwagika chini, huwezi kuziokota. Upande wa delta, mpunga unapoanza kuzaa ni lazima mtu akae dunguni kuamia ndege tangu alfajiri, na usiku kuna nguruwe. Mara nyingi anayekaa dunguni ni mwanamke. Mtu ambaye hajalala usiku tatu kwa sababu ya jasho atasinzia, na ndege hawana huruma na anayesinzia.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Mama akipoteza siku moja tu kila wiki katika wiki sita za palizi, ni siku sita. Zizidishe kwa bei ya kibarua ya kijijini kwako. Ongeza fedha za dawa alizonunua bila kupima. Ongeza ufuta uliomwagika kwa kuchelewa siku mbili. Halafu kumbuka kwamba mama huyo ana mkopo wa kikundi, na katika vikundi vingi wanachama ndio wadhamini wa wenzao. Akikwama yeye, mnalipa ninyi. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yaliyofunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, zipo kaya zilizolazimika kuanza upya kwa mikopo. Huu si wakati wa kupoteza nguvu ya mtu kwa jambo linaloweza kuelezwa kwa nusu saa.

Nchi nyingine zimekwishaona kwamba hili ni suala la uchumi. Uingereza mwaka 2023 iliteua mtu maalumu wa kuwahimiza waajiri wawasaidie wafanyakazi wao walio katika kipindi hiki. Ni jambo jema, lakini mkulima wa ufuta hana mwajiri. Ofisi yake ni shamba, bosi wake ni msimu, na wenzake kazini ni mume, watoto na kikundi. Kwa hiyo msaada wake utoke huko huko.

Hapo ndipo ninapotaka tuitazame mila yetu. Sisi watu wa Pwani binti anapovunja ungo hatumwachi ahangaike peke yake. Anawekwa ndani, anapewa somo, kungwi anamfunda usafi, adabu na siri za mwili wake. Siku ya kumtoa mwali ngoma inachezwa, ndugu wanatoka mbali, vyakula vinapikwa. Tunagharimia kumfundisha mwanamke mwanzo wa safari hiyo. Lakini miaka 35 baadaye, safari ile ile inapofika mwisho, hakuna kungwi anayebisha hodi. Mama anaachwa akisie. Mmoja anadhani ni malaria. Mwingine anadhani ametupiwa jini. Wa tatu anadhani mumewe amemchoka, na mume naye anadhani mke amepata mwingine, kwa sababu tu mke anakwepa maumivu ambayo hajui namna ya kuyataja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ndani na hayafai kuandikwa gazetini. Ninaiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa stara ni sehemu ya malezi yetu. Lakini unyago nao ni mambo ya ndani, na bado tumeuwekea walimu. Stara maana yake ni kusema mahali panapofaa na kwa lugha inayofaa. Kunyamaza kabisa ni jambo jingine.

Na kunyamaza kuna hatari kubwa kuliko faini. Kwanza, si kila jasho la usiku linatokana na kukoma hedhi. Malaria ipo kweli katika ukanda wetu, na kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku, hasa kikifuatana na kikohozi cha muda mrefu na kukonda. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kumeza. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa muda mfupi. Jibu likiwa hakuna malaria, usinunue mseto. Mweleze mhudumu umri wako na mwenendo wa siku zako.

Pili, na hili kila mwanamke alishike: damu ikitoka baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata kama ni matone, siyo "siku kurudi." Ni lazima kwenda hospitali. Vivyo hivyo damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au hedhi nzito ya mabonge inayodumu muda mrefu. Huenda ikawa jambo dogo, lakini pia ni miongoni mwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Saratani hiyo ikigundulika mapema inatibika, na mabadiliko yanayotangulia saratani yanaweza kuondolewa kabla hayajawa saratani. Uchunguzi wa kutumia siki ni wa muda mfupi na hauhitaji kulazwa. Anayesubiri mpaka apelekwe Ocean Road akiwa amedhoofika, anakuwa amechelewa.

Tatu, siku kupotea miezi miwili au mitatu si kinga ya mimba. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Na mwanamke ambaye hedhi inakoma kabla ya miaka 40 asikae kimya, amwone daktari.

Yapo mambo ambayo mama anaweza kuyafanya mwenyewe. Apange kazi nzito alfajiri na jioni, apumzike jua la mchana, abebe maji ya kunywa shambani na avae nguo nyepesi za pamba. Achunguze kinachomchochea joto. Kwa wengine ni chai ya moto au pilipili. Homoni zinapopungua mifupa nayo hupungua nguvu, kwa hiyo ale dagaa pamoja na mifupa yake, mboga za majani, na maziwa akiyapata. Hata ufuta tunaoupeleka wote ghalani una madini ya kuimarisha mifupa. Si dhambi kubakiza kisado kimoja cha nyumbani. Apime shinikizo la damu kila apatapo nafasi, kwa sababu hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka baada ya kukoma hedhi. Kwa ukavu ukeni, vipo vilainishi salama. Asikubali kuingizwa mizizi au unga wa kienyeji unaoweza kumchubua. Na akizidiwa, ajue kwamba tiba ya homoni ipo, ila huandikwa na daktari baada ya kumuuliza habari za saratani ya matiti, damu kuganda na maradhi mengine. Si dawa ya kuazimana.

Kwa waume zetu nina neno fupi. Mkeo akikuamsha usiku kwa kufungua dirisha, usimuulize kama ana wazimu. Akikwambia anaumia, msikilize na mwende wote kwa mhudumu. Na katika wiki zile za kukata ufuta, pokezana naye kazi ya mchana. Mazao yakiokolewa, fedha ni zenu wote.

Kwa vikundi, napendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili. La kwanza, mara moja kwa mwaka mwalikeni muuguzi wa zahanati azungumze nusu saa kabla ya kukusanya hisa. Tarehe 18 Oktoba ni Siku ya Ukomo wa Hedhi Duniani; ichukueni hiyo msisahau. Mwalikeni na kungwi, akae, asikilize, kisha aseme kwa lugha yetu. Yeye ana heshima ambayo bango la zahanati halina. La pili, vikundi vingi vina mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa. Utumieni pia kulipia nauli ya mwanachama anayekwenda kupimwa mlango wa kizazi. Hatungoji mtu afe ndipo tuchange.

Kwa Halmashauri, sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe kwa vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kabla ya mkopo, vikundi hufundishwa kutunza hesabu na kuandika mpango wa biashara. Naomba katika mafunzo hayo liongezwe somo la afya ya mkopaji aliyevuka miaka 45. Anayekopesha trekta huuliza hali ya injini. Kwa nini anayemkopesha mwanamke asimwulize hali yake?

Narudi kwa yule mama wa Dimani. Alikwenda zahanati. Alipimwa, malaria hakuna. Mhudumu akamuuliza maswali ambayo hakuwa ameulizwa na mtu, akampima shinikizo la damu na kumpa tarehe ya kuchunguzwa mlango wa kizazi. Alirudi bila kidonge hata kimoja, na joto lake bado linapanda kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa analijua jina lake. Anaamka mapema zaidi, mchana anakaa chini ya mkorosho wake bila aibu, na jioni anarudi kumalizia mstari aliouacha.

Hisa ameanza kununua tena. Kilichobaki ni kikundi kumrudishia faini yake, na katika kikao kijacho nitalisimamia hilo mwenyewe.