Dhahabu inapandisha timu, kubaki Ligi Kuu ni shughuli nyingine

Ukanda wa dhahabu na almasi umepeleka timu tatu Ligi Kuu ndani ya miaka 10: Stand United, Mwadui na Geita Gold. Zote zilipanda kwa shangwe na zote zikashuka. Mkwanja wa migodi ulikuwepo, sasa tatizo lilikuwa wapi?

Anza na Stand, 'Chama la Wana', timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi mjini Shinyanga. Ilipanda 2014, mwaka uliofuata Acacia wakamwaga udhamini na Mfaransa Patrick Liewig akakaa benchi. Kambarage ikachangamka. Badala ya kutulia, ukazuka mgogoro: wanachama upande huu, kampuni upande ule, kila mmoja akidai timu ni yake. Mwaka 2016 Acacia wakajitoa. Msimu wa 2018/19 Stand ikashuka.

Mwadui yenyewe mwenye mali alijulikana, mgodi wa almasi wa Williamson. Ilipanda 2015 ikiwa na Jamhuri Kihwelo 'Julio', lakini 2020/21 ikaburuza mkia. Timu inayotegemea mfuko mmoja, mfuko ukilegea nayo inalegea.

Geita Gold ndiyo inauma zaidi. Ikiwa na Halmashauri ya Mji na udhamini wa mgodi wa GGML, msimu wake wa kwanza, 2021/22, ilimaliza ya nne. Straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikapatikana. Mpole akatimkia St. Eloi Lupopo ya DR Congo, na pengo lake halikuzibika kirahisi. Miaka miwili baada ya kumaliza ya nne, Geita ikashuka.

Ilishuka pamoja na Mtibwa Sugar. Mtibwa, ambayo siku zote imezoea kulea vijana wake, ilirudi msimu uliofuata ikiwa bingwa wa Championship. Geita ikabaki huko huko chini.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mdhamini mwingine, viongozi wa Shinyanga na Geita wamalize kwanza maswali matatu: timu ni ya nani, straika akiuzwa nani wa vijana anaingia, na mgodi ukifunga pochi mishahara italipwa na nini? Yasipojibiwa, mashabiki wa Kambarage na Nyankumbu watapanda tena, washangilie misimu miwili mitatu, halafu waanze upya.