Hafla ya Watu wa Masijala

Muungwana mmoja amechapisha rai kwamba kuwakusanya watunza kumbukumbu wa Moshi katika hafla ya jioni, wakavaa suti na kuwasikiliza wahutubu walioalikwa, ni israfu, kwa kuwa kazi ya masijala ni kupanga majalada wala haihitaji hotuba. Lau angalipanda hadi Machame au Marangu, akawashuhudia ndugu wa ukoo mmoja wakihasimiana juu ya kihamba (shamba la ukoo) ambacho mashahidi wa mpaka wake ni mimea ya masale na kauli za wazee tu, pasiwe na hati hata moja ya kukata shauri, nadhani kalamu yake ingalisita. Wakulima wa kahawa wa mlima huu wa Kilimanjaro nao waliunda chama chao mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Nasi hatungalizijua habari zao kwa yakini kama makarani, ambao hakuna aliyepata kuwasifu, wasingaliziweka barua na mihtasari mahali pa kuonekana.

Tena Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, haikumtwika mtu wa masijala peke yake dhima ya kutunza kumbukumbu, bali na mkuu wa taasisi mwenyewe. Naye huyo, kwa ada ya wakubwa wetu, kwenye warsha ya mchana humtuma naibu, ila karamu ya jioni hakosi. Hapo ndipo mhutubu humpata.

Kuhusu pilau na nyama choma za hafla, mimi na muungwana yule tunaafikiana: zipunguzwe. Wahutubu wabaki, na mwandishi wa rai ile naye aalikwe.