Fishi za wanafunzi: nani anazisoma?

Katika vyuo vikuu vya Kiprotestanti vya mashariki, kama ULPGL ya Goma na UEA ya Bukavu, mfumo wa LMD si jina geni tena. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliufungulia mlango, na kuanzia 2021 serikali ilitaka utumiwe nchini kote. Katika mfumo huo wanafunzi wanaombwa kupima mafundisho ya mwalimu wao kwa fishi. Ni jambo jema. Lakini fishi hiyo inaishia wapi?

Profesa mgeni anatoka mji mwingine, anafundisha saa zake 45 mbiombio, anaondoka. Fishi zinajazwa siku ya mwisho, zinabaki ofisini. Akija kusikia habari zake, mara nyingi ni wakati mkataba wake unajadiliwa. Hapo anasikia hukumu, si shauri. Asistenti anaogopa zaidi, kwa kuwa hana wa kumtetea. (Wanafunzi nao wanaogopea pointi zao, ndiyo maana fishi nyingine zina «vizuri sana» kila mstari.)

Mwaka 1980 Mmarekani Peter Cohen alilinganisha tafiti nyingi juu ya jambo hili. Walimu waliopewa maoni katikati ya muhula waliendelea kidogo tu. Waliokaa pia na mtu wa kuwasaidia kuyafasiri waliendelea zaidi.

Tena tusijidanganye: kinachomvunja mwalimu wetu moyo si maoni ya wanafunzi kwanza, ni mshahara. Vyuo vya kanisa vinaishi kwa feza za masomo. Tangu M23 kushika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zilifungwa, jamaa nyingi zikakimbia, na mzazi aliyelipa kwa shida sasa hawezi. Mtu ambaye hajalipwa, akiletewa karatasi inayosema «haeleweki», anaona amedharauliwa mara mbili.

Kuna hatua moja isiyodai feza. Mwalimu mwenyewe aulize katikati ya somo: nini hamjaelewa, na nini kinawasaidia? Majibu yasiwe na majina, ayasome yeye kwanza, kisha kesho yake aliambie darasa atakachobadilisha. Ripoti ya mkataba ibaki jambo lingine kabisa. Wajumbe wa makanisa walio katika mabaraza ya vyuo wanaweza kuomba hilo katika kikao kijacho, pamoja na kuuliza juu ya mishahara iliyochelewa.