Mchezo wa kupatana unastahili nafasi shuleni

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba mchezo wowote usiotoa jasho ni upuzi wa kupoteza wakati. Kandanda ina kocha, riadha ina uwanja, muziki na drama zina mashindano ya kitaifa. Lakini mwanafunzi akionekana ameinamia ubao wa mchezo, au kioo cha kompyuta, huamrishwa arudi vitabuni mara moja. Mimi sikubaliani na dhana hiyo. Nitaipinga kwa mfano wa mchezo mmoja ambao, kwa maoni yangu, hufunza jambo tulilolipuuza kwa muda mrefu, yaani namna ya kuzungumza na mtu ambaye maslahi yake hayapatani na yako.

Mchezo wenyewe huitwa Diplomacy. Ulibuniwa katika miaka ya 1950 na Mmarekani Allan Calhamer, aliyekuwa amesomea Chuo Kikuu cha Harvard, naye akachapisha nakala 500 kwa gharama yake mwenyewe mwaka wa 1959. Ramani yake ni ya Ulaya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wachezaji ni saba, kila mmoja na dola lake: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Urusi, Uturuki na milki ya Austria na Hungaria. Kuna vituo 34 vya kugombaniwa, na atakayetwaa 18 ndiye mshindi. Hakuna karata wala dadu, hivyo basi hakuna wa kusingizia bahati.

Majeshi yote yana nguvu sawa. Jeshi moja likilishambulia jingine, hakuna linalosogea. Ili kusonga mbele sharti jeshi la pili liunge mkono, na aghalabu hilo la pili ni la mtu mwingine. Kwa hivyo kabla ya kila zamu wachezaji hujitenga wawili wawili, wakanong'onezana pembeni, kisha kila mmoja akaandika maagizo yake kwa siri. Maagizo yote hufunuliwa kwa pamoja. Hapo ndipo hubainika ni nani aliyetimiza ahadi na ni nani aliyeivunja, maana kanuni hazimfungi yeyote kwa neno alilotoa.

Wapenzi wa bao kule pwani watanikumbusha kwamba wao nao huzungumza wanapocheza. Naam, na maneno yenyewe huwa makali kuliko mchezo. Lakini majigambo ya mcheza bao hayahamishi hata kete moja kati ya zile 64. Katika mchezo huu wa Calhamer, maneno ndiyo yanayohamisha majeshi.

Chukua mfano wa Italia na Austria. Mchezo unapoanza, Venice, kituo cha Italia, kinapakana na Trieste, kituo cha Austria. Hakuna dola nyingine mbili ambazo vituo vyao vya nyumbani vinagusana hivyo. Kila mmoja amesimama mlangoni pa mwenzake akiwa na silaha mkononi, na kila mmoja aweza kuvamia zamu ya kwanza. Hata hivyo, wote wawili wanafahamu kwamba wakianza kuraruana, Mturuki na Mrusi watakuja kuokota mabaki. Sasa mwanafunzi mwenye Italia afanye nini? Kusema "niamini" hakutoshi, kwa sababu hata mwongo husema hivyo. Atalazimika kutoa sababu ambazo mwenzake anaweza kuzipima. Atasema: nikiitwaa Trieste nitapata kituo kimoja tu, ilhali Mturuki atanenepa hadi asizuilike, na baada ya kukumeza wewe atanigeukia mimi. Kisha atapendekeza merikebu zake zielekee mashariki ili wamkabili Mturuki pamoja. Wachezaji wazoefu huuita mpango huo Lepanto, kwa ukumbusho wa vita vya baharini vya mwaka wa 1571 ambapo manowari za Waturuki zilishindwa.

Mwalimu wa Historia aelewe jambo hili vyema. Wanafunzi wetu hukariri kwamba Italia ilijiunga na Ujerumani na Austria katika mapatano ya mwaka wa 1882, kisha ikaingia vitani upande wa pili mwaka wa 1915. Huandika hayo katika mtihani, wakapata alama, wakasahau. Aliyewahi kukaa Venice akiitazama Trieste kwa uchu hahitaji kukaririshwa. Atauliza mwenyewe: Italia iliahidiwa nini? Na swali hilo lina thamani kuliko tarehe zote mbili.

Walimu wa lugha nao wana fungu lao. Tangu mwaka wa 1963 mchezo huu umekuwa ukichezwa kwa barua, watu walio mbali wakiandikiana kupitia posta. Mimi huona ajabu kwamba tunawatungisha wanafunzi barua rasmi na za kirafiki miaka nenda miaka rudi, zote zikienda kwa watu wasiokuwepo. Barua hizo hazijibiwi kamwe, isipokuwa kwa wino mwekundu. Mwanafunzi anayemwandikia mshindani barua ya kuomba msaada hujibiwa kwa jeshi, ama la kumuunga mkono ama la kumfuta ramanini. Ataijua haraka tofauti kati ya ombi, sharti na tisho. Fauka ya hayo, Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka wa 2022. Maneno kama mapatano, makataa na suluhu yanahitaji vijana wanaoweza kuyatumia mbele ya mtu anayewapinga, si kuyaorodhesha tu katika msamiati.

Kuna wazazi watakaosema kwamba mchezo unaoruhusu uongo hauna mahali shuleni. Pingamizi hilo ni zito, na sitalikwepa. Ni kweli kwamba msaliti hushinda mara nyingine, hasa anaposubiri hadi zamu za mwisho, wakati ambapo aliyesalitiwa hana tena nafasi ya kulipiza. Lakini pale ambapo watu wataendelea kukutana, hesabu hubadilika. Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliandaa mashindano ya programu za kompyuta yaliyojulikana sana kupitia kitabu chake cha mwaka wa 1984. Programu iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote. Ilianza kwa kushirikiana, kisha ikamtendea mwenzake vile alivyoitendea zamu iliyotangulia. Darasa ni mahali pa kukutana kila siku kwa miaka. Anayemlaghai mwenzake muhula wa kwanza atamhitaji muhula wa pili.

Hata mashine imeingia katika mjadala huu. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza programu iitwayo Cicero, iliyocheza Diplomacy mara 40 kwenye intaneti dhidi ya binadamu, ikijadiliana nao kwa Kiingereza, na kuwa miongoni mwa asilimia 10 bora ya waliocheza zaidi ya mara moja. Waundaji wake walieleza kwamba waliifunza kusema ukweli kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa 2024 watafiti wengine waliichunguza mienendo yake wakadai kwamba ilidanganya washirika wake. Iwapo vijana wetu watazungumza na mashine za namna hiyo maisha yao yote, heri wajifunze mapema kuipima ahadi.

Sidai kwamba mchezo utazima moto wa mabweni. Lakini tumeona wanafunzi wakichoma shule, zaidi ya 100 katika mwaka wa 2016 pekee, na mara nyingi baadaye husemwa kwamba hawakusikilizwa. Waliwahi kufunzwa wapi kuwasilisha dai kwa mtu mwenye nguvu kuwashinda, na kurudi na nusu ya walichokitaka?

Gharama si kisingizio. Ramani huchorwa kwenye karatasi ya manila, na vifuniko vya soda vikawa majeshi. Mchezo mzima huchukua saa nyingi, kwa hivyo afadhali ichezwe zamu moja kwa siku: wanafunzi wawili kwa kila dola, maagizo yatiwe sandukuni kabla ya chakula cha mchana, mwalimu ayasome hadharani jioni. Mwalimu mwenyewe asicheze. Na mchezo ukiisha, atenge kipindi kizima ambapo kila aliyevunja ahadi atamweleza aliyemvunjia, ana kwa ana, kwa nini alifanya hivyo.