Mnaililia Cadillac, Aliyeiunda Hamumjui

Cadillac ya mwaka 1959 ina mapezi nyuma kama papa, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Ni gari zuri. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nayachukia magari ya Detroit. Nayapenda tangu utoto. Ninachokichukia ni namna yanavyoliliwa.

Kila anayeyasifia hafiki mbali kabla hajasema kwamba zamani walijua kuunda, chuma kilikuwa chuma, si makopo haya ya leo. Huo ni uongo, tena uongo uliopimwa. Mwaka 2009 taasisi moja ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, zote zina sanamu la mtu nyuma ya usukani. Kile chuma kinachosifiwa kilikunjamana hadi kwenye kiti cha dereva. Mtu halisi angekufa palepale. Wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Na wenye viwanda hawakuwa wajinga wa hatari hiyo: Ralph Nader alipoandika kitabu kuhusu usalama wa magari yao mwaka 1965, General Motors ilimwajiria wapelelezi wa kumfuata na kumchimba maisha yake. Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, alisimama mbele ya kamati ya Seneti akaomba radhi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni ujira.

Husimuliwa kwamba mtu wa kawaida, anayekaza nati kuanzia asubuhi mpaka jioni, aliweza kununua gari kama lile alilolikaza, akamiliki nyumba, akasomesha watoto, akastaafu na pensheni. Kweli kabisa. Katika hadithi yote hii, hilo ndilo linalostahili machozi. Ila mnalisimulia kana kwamba kampuni iliamka siku moja ikawaonea watu huruma!

Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa mji wa Flint, Michigan, waliketi ndani ya viwanda vya General Motors wakakataa kutoka. Walikaa humo siku 44, katika baridi ya kugandisha maji. Januari kampuni ikawazimia joto, polisi wakaja na gesi ya machozi na bunduki. Wao wakajibu kwa kuvurumisha bawaba za milango ya magari. Siku nyingine gesi ilipotanda ndani, wanawake wa Flint, wake na dada zao, walivunja madirisha ya kiwanda kwa marungu ili waliomo wapate kupumua. Tarehe 11 Februari 1937 kampuni kubwa kuliko zote ikakubali kuzungumza na chama chao. Ford ilikuwa ngumu zaidi. Mei mwaka huo watu wake walimpiga Walter Reuther, kiongozi wa chama hicho, na wenzake nje ya kiwanda cha River Rouge huku wapiga picha wakitazama, na ikakataa chama hadi 1941.

Na hata chama kiliposhinda, weusi waliendelea kusukumiwa kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma, penye moshi na joto la kuua. Mwaka 1968 vijana weusi wa kiwanda cha Dodge kule Hamtramck iliwabidi waunde chombo chao wenyewe, wapambane na kampuni na chama kwa pamoja. Kwenye minada ya Cadillac sijawahi kusikia wakitajwa.

Kinachotajwa ni kwamba vyama ndivyo vilivyoiua Detroit. Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kampuni zilianza kuhamisha kazi kutoka mjini katika miaka ya 1950, enzi ileile mnayoiita ya dhahabu, mapezi yakiwa ndiyo kwanza yanarefuka. Packard ilifunga kazi Detroit mwaka 1956, kabla Toyota haijauza gari hata moja Marekani. Mtaa wa weusi wa Black Bottom ulibomolewa kupisha barabara kuu. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 1,850,000. Mwaka 2020 hawakufika 640,000. Aliyefunga kiwanda ni mwenye kiwanda. Fundi hakuwa na funguo.

Kila Agosti wapenzi wa magari haya huyaleta kwa maelfu kwenye barabara ya Woodward, yameng'arishwa mpaka unajiona usoni mwake. Msafara huanzia Ferndale, nje kidogo ya mpaka wa Detroit, ukaelekea kaskazini, kwenye vitongoji vyenye nafasi. Nawaomba mwaka mmoja tu mgeuze magari. Nendeni kusini, barabara ileile, kilomita chache. Mtafika Highland Park, kwenye kiwanda ambako Ford alianzisha mstari wa kuunganishia magari mwaka 1913, mahali ambapo utajiri huu wote ulianzia. Mji huo ulishindwa kulipa deni la umeme, na mwaka 2011 taa zake za barabarani zaidi ya 1,000 zikang'olewa na kupakiwa kwenye malori. Fikeni usiku, muwashe taa za Cadillac zenu.