Tusimwachie katekista

Kabla hajaanzisha chama chochote, Padri Vincent Pallotti wa Roma alitaka kitabu kimoja cha ibada kichapwe kwa Kiarabu, kiwafae Wakristo wa Mashariki. Pesa hakuwa nazo. Akamwita mfanyabiashara, Giacomo Salvati, akamtuma apite madukani kuchangisha. Salvati aliona haya, lakini akaenda, na zilizopatikana zikazidi gharama za uchapaji. Mwaka 1835 ukazaliwa Muungano wa Utume wa Kikatoliki: padri, mtawa, fundi na mama wa nyumbani, wote na wajibu mmoja wa kufufua imani, kuwasha mapendo na kuifikisha Injili kwa wasioisikia.

Wakubwa wa Kanisa hawakupendezwa. Mwaka 1838 Muungano uliamriwa kufungwa, hadi Papa Gregori XVI alipouokoa. Pallotti alifariki Januari 1850. Miaka minne baadaye warithi wake, Wapalotini, wakabadilishiwa jina, neno “utume” likaondolewa, maana utume ulihesabiwa kuwa mali ya maaskofu. Jina lilirudishwa 1947. Pallotti mwenyewe alitangazwa mtakatifu Januari 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na mwaka 1965 Mtaguso huohuo ukatoa hati nzima juu ya utume wa walei.

Wapalotini kutoka Ireland walifika Mbulu 1940, na mmoja wao, Patrick Winters, akawa askofu wa kwanza wa jimbo letu la Mbulu. Kwa hiyo sisi wa Babati ni watoto wa nyumba hii. Mbona basi kwenye jumuiya, kueneza imani kukitajwa, macho yote humgeukia katekista? Afundishe wakatekumeni, aongoze ibada kigangoni padri asipofika, azike, apatanishe wanandoa. Sisi tukishatoa zaka, tumemaliza.

Wengine wanaona dawa ni vipaza sauti pale stendi. Sivipingi, ingawa jirani wa stendi huenda anayo yake ya kusema. Ila kipindupindu kilipoingia Roma mwaka 1837, watu wa Pallotti waliwahangaikia wagonjwa na maskini, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyumba ya kulea mayatima wa kike. Kwake hayo yalikuwa utume uleule.

Toleo hili, basi, hatukumwomba padri hata mmoja makala. Wameandika muuza samaki wa ziwani, bodaboda, mwalimu na mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Tuliwauliza: nani alikuvuta kwenye imani, na wewe umemvuta nani? Swali la kwanza walilijibu papo hapo. La pili ndilo lililotuchelewesha kwenda mtamboni.