Grupe Yetu, Pumzi ya Jirani



Kila jioni, katika Masisi na Walikale, tunasikia grupe zikinguruma. Vijiji vingi vya kwetu havijafikiwa na waya wa umeme. Anayetaka kuchaji simu, kuonyesha mpira au kupaza sauti ya kwaya, sharti awashe mashine. Hatuilaani mashine hiyo, maana inatusaidia. Tunauliza jambo moja tu: moshi wake unaingia katika mapafu ya nani?

Jioni moja ya mvua tulikuwa katika mazoezi ya kuimba. Kwa kuogopa grupe isilowe wala isiibwe, tuliiweka ndani, nyuma ya mlango, tukaelekeza bomba la moshi dirishani. Haikupita saa moja, watoto wawili wakalalamika kichwa, na msichana mmoja akatapika. Tukasema ni malaria. Walipotoka nje wakapata nafuu, nasi tukamshukuru Mungu na kuendelea kuimba. Leo tunaona haya. Haikuwa malaria. Tulikuwa tunawatia sumu wadogo zetu huku tukimsifu Muumba.

Watu wa Sake na wa kandokando ya Ziwa Kivu wanayajua mazuku, hewa ile nzito itokayo ardhini, ikatuama mabondeni na kuua mbuzi, mbwa, hata binadamu. Hiyo ni dioksidi ya kaboni. Mzazi wa huko humkataza mtoto wake kushuka mahali hapo, ingawa jicho halioni kitu. Basi, grupe ikiwashwa ndani ya nyumba, tunajitengenezea mazuku yetu wenyewe. Injini inayochoma mafuta hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Nayo haikai chini kama mazuku. Huchanganyika na hewa yote ya chumba, hadi kitandani. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa hewa ilhali kifua kingali kinapumua. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala huenda asiamke.

Wako wanaosema: «Grupe yetu ni mpya, moshi wake hauonekani.» Ni kweli kwamba moshi mweusi huonyesha mafuta yasiyoungua vema, au chujio la hewa lililoziba, na moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua. Lakini moshi usioonekana si ushahidi wa usalama. Wengine hutumaini gesi. Ng'ambo ya ziwa, huko Karongi nchini Rwanda, kituo cha KivuWatt kilichozinduliwa mwaka 2016 huzalisha megawati 26 kwa methane itolewayo ziwani, na gesi ya namna hiyo huungua kwa masizi machache. Hata hivyo, injini ya gesi nayo ikifungiwa chumbani hutoa sumu ileile. Jicho na pua si vipimo. Kipimo ni kile kifaa kidogo kinachotambua monoksidi ya kaboni na kupiga kelele inapozidi.

Je, jambo hili lahusu imani? Ndiyo. Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aulize ni nani mwenye kosa. Katekisimu nayo, inapofafanua amri ya 5, inafundisha kwamba ni kosa kumtia mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito. Basi anayeua kwa uzembe asijifiche nyuma ya maneno «sikukusudia».

Tunajua jibu litakalotolewa: wezi. Katika nchi iliyochoshwa na vita, mwenye grupe huifungia ndani kwa sababu ndiyo mali yake yote. Hofu hiyo ni ya haki, wala hatuidharau. Lakini mnyororo, kibanda cha mbao chenye matundu mapana, na majirani wanaolinda kwa zamu vyaweza kuokoa mashine bila kumpoteza mtoto. Grupe ikiibwa, jumuiya yaweza kuchanga tena. Kwa pumzi hakuna mchango.

Kwa hiyo tunawaomba vikundi vya vijana mambo matatu. Kwanza, tuanze na grupe ya parokia: ikae nje, hatua zisizopungua kumi kutoka mlangoni na madirishani, bomba likitazama mbali na watu, wa kwetu na wa jirani. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi. Pili, tuchange tununue kifaa kimoja cha kupimia, kizunguke nyumba kwa nyumba katika jumuiya zetu. Tatu, tufundishe kila nyumba: kichwa kikiuma watu kadhaa pamoja grupe ikinguruma, watoke wote nje upesi, mashine izimwe, na walioathirika wapelekwe hospitali.

Mungu alimpulizia mtu puani pumzi ya uhai. Tusiwe sisi wa kuizima kwa ajili ya taa ya jioni moja.